Habari za Mlima Ruwenzori na Majina Yake

Wazee wa mji wetu wanakumbuka vema siku zile Kisangani ilipoitwa Stanleyville. Jina hilo liliondolewa mwaka 1966. Lakini huko mashariki, mpakani mwa nchi yetu na Uganda, kuna mahali ambapo jina la Stanley limebaki, napo ni mahali pa juu kuliko pote katika Kongo nzima. Ni Mlima Stanley, katika milima ya Ruwenzori, na kilele chake kikubwa huitwa Margherita. Urefu wake ni meta 5,109 juu ya bahari. Katika Afrika yote ni Kilimanjaro na Mlima Kenya tu inayokipita.

Watoto wa shule wakiyasoma majina haya katika ramani, Stanley na Margherita, huuliza: hawa ni nani, nao walifanya nini huko? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni refu kidogo, tena sehemu moja ya jibu iko hapa hapa kwetu, katika mito ya Tshopo. Maana wengi wa wapagazi waliobeba mizigo ya safari ile iliyopeleka habari za mlima Ulaya walikufa Yambuya na Banalia, wasiuone mlima wenyewe hata kwa mbali.

Tuanze na mahali penyewe. Mtu akitoka Kisangani kwa barabara ya mashariki, akapita Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda, kisha akashuka kusini mpaka Beni, amekwisha kwenda zaidi ya kilometa 700, na karibu zote ni msitu. Nchi anayopita ni nchi ya mto Ituri, nao ndio ule ule uitwao Aruwimi unapoingia katika mto wetu mkubwa pale Basoko. Mpaka hapo maji yote ni ya kwetu. Lakini mbele ya Beni mambo yanageuka. Mto Semliki, utokao Ziwa Edward na kupita chini ya Ruwenzori upande wa magharibi, hauji kwetu. Unakwenda Ziwa Albert, na kutoka huko unakuwa maji ya Nile. Basi mvua moja ikinyesha juu ya vilima vilivyo magharibi ya Semliki, tone moja laweza kupita Basoko na kuishia katika bahari ya Atlantiki, na tone la jirani yake likapita Khartoum na Kairo. Ruwenzori yote, upande wa Kongo na upande wa Uganda, yanywesha Nile.

Wengine hudhani kwamba Ruwenzori ni mlima wa moto kama Nyiragongo na Nyamulagira za huko Goma. Sivyo. Ni bonge la miamba ya kale sana lililoinuliwa juu, huku nchi ya pembeni ikididimia na kuwa lile bonde kubwa lenye maziwa. Urefu wa safu hiyo ni kama kilometa 120, na upana wake kama kilometa 50. Kwa kuwa ni juu sana, theluji na barafu hukaa huko, ingawa mstari wa ikweta uko karibu kabisa. Tena mvua ni nyingi mno, na mawingu huufunika mlima siku nyingi za mwaka, hata mgeni aweza kukaa mwezi mzima chini yake asijue kwamba kuna mlima.

Habari za theluji hiyo zilisikika zamani. Mtaalamu Ptolemy wa Aleksandria, katika karne ya 2 baada ya Kristo, aliandika kwamba Nile hupata maji yake katika milima yenye theluji iliyoko ndani ya Afrika, naye aliiita Milima ya Mwezi. Yeye mwenyewe hakufika. Alisikia kwa wafanya biashara waliotoka pwani ya Afrika ya Mashariki. Kwa miaka zaidi ya 1,700 wataalamu wa Ulaya walibishana kama milima hiyo ipo au ni hadithi tu.

Wakati huo wote wenyeji hawakubishana. Wayira, ambao upande wetu huitwa Wanande na upande wa Uganda huitwa Wakonjo, walikuwa wakilima miteremko ya chini, wakiwinda katika misitu ya juu, na kuiita ile theluji nzururu. Kwa neno hilo wengi hulieleza jina Ruwenzori, yaani mahali pa theluji. Walisema pia kwamba huko juu hukaa Kitasamba, mwenye mlima, na mtu hakupanda ovyo kwenye makao yake. Mzungu aliyewauliza kwa nini hawajafika kileleni alidhani wanaogopa baridi. Sisi tunaona waliuheshimu mlima kuliko alivyoweza kuelewa.

Sasa tumtazame Stanley. Mwezi wa Januari 1876 alikuwa karibu na mlima huo upande wa Uganda ya leo, akaona mlima kwa mbali, asitambue kuwa una theluji, akaupa jina la tajiri wa gazeti lililomlipa, Gordon Bennett. Mwaka mmodi haujapita sana, mnamo Januari 1877, alikuwa akishusha mitumbwi yake kandokando ya maporomoko yetu ya Boyoma, kwa Wagenia. Halafu akarudi tena mwaka 1887, safari hii kwa kazi nyingine. Alitumwa kumtafuta Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyekuwa liwali wa Misri katika nchi za Ikweta, karibu na Ziwa Albert, ambaye njia yake ya kaskazini ilikuwa imefungwa na vita vya Sudani.

Stanley hakupita njia ya Zanzibari na Tabora. Alizunguka Afrika kwa meli mpaka mdomo wa Kongo, akapanda mto mpaka Aruwimi, akajenga kambi Yambuya. Alikuwa na watu kama 700, wengi wao Wazanzibari, pamoja na Wasudani na Wasomali wachache. Tarehe 28 Juni 1887 aliingia msituni na watu wapatao 390. Wengine aliwaacha Yambuya chini ya Mejari Barttelot, wangoje wapagazi 600 ambao Tippu Tip, aliyekuwa amewekwa liwali wa Maporomoko ya Stanley mwaka ule ule, aliahidi kuwaleta.

Wapagazi wale walikawia mwaka mzima. Mambo yaliyotokea Yambuya katika mwaka ule yanatuuma sana, maana yangeweza kuzuiwa na mama yeyote wa Tshopo. Chakula chao kilikuwa mihogo michungu. Kwetu kila mtoto wa kike anajua kwamba mihogo ya namna hii huloweshwa siku kadhaa, kisha huanikwa, ndipo hutwangwa. Wageni wale hawakujua, wala hapakuwa na amani kati yao na wenye kijiji ili wafundishwe. Wakaila hivi hivi, au wakaichoma tu motoni. Sumu ikawaingia kidogo kidogo. Wakakonda, wakajaa vidonda, wakazikwa mmoja mmoja kando ya kambi. Mabwana wao walikuwa na akiba ya vyakula vya makopo. Wagonjwa walipigwa viboko kwa uvivu. Mwezi wa Julai 1888 Barttelot mwenyewe alipigwa risasi Banalia, alipokwenda alfajiri kumnyamazisha mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma. Aliyempiga, mume wa mwanamke huyo, jina lake Sanga, alihukumiwa na kuuawa hapa kwenye Maporomoko. Stanley aliporudi Banalia mwezi wa Agosti kuwachukua watu wake, alikuta zaidi ya nusu wamekufa au wametoroka.

Wale waliokwenda mbele pamoja naye hawakupata nafuu. Walifuata Ituri miezi mitano wakiwa na njaa. Walipofika Ipoto, kwenye kituo cha Wamanyema wa Kilonga-Longa, wengine waliuza bunduki na nguo zao wapate mahindi. Hatimaye walitoka msituni wakaona majani na mbingu. Katika Aprili 1888 wazungu wawili wa safari, Jephson na daktari Parke, walisema wameona mlima mweupe. Stanley hakuwasadiki. Ndipo tarehe 24 Mei 1888, alipokuwa akitembea karibu na Ziwa Albert, mtoto mmoja wa kiume alimwonyesha kwa kidole mlima ambao, alisema, umefunikwa na chumvi. Stanley akatazama, akadhani ni wingu lenye rangi ya fedha. Kisha akaona kwamba si wingu, na wala si chumvi.

Jambo hili ameliandika Stanley mwenyewe katika kitabu chake. Jina la mtoto hakuliandika. Sisi tungependa kulijua. Emin Pasha alikuwa ameishi miaka mingi katika nchi zile, na Mwingereza Baker alilifikia ziwa mwaka 1864, wala hapana hata mmoja wao aliyekuwa ameleta habari za theluji. Leo Emin ana mlima wake katika Ruwenzori, na Baker ana wake.

Mwaka uliofuata, 1889, msafara ulipita chini ya mlima kwa bonde la Semliki ukielekea pwani. Wakonjo waliwapokea na kuwapa chakula, maana walikuwa wamechoka na askari wa Mfalme Kabarega waliokuwa wakiwanyang'anya mifugo. Mwezi wa Juni luteni Stairs alipanda pamoja na Wazanzibari kadhaa mpaka kama meta 3,250. Emin Pasha alianza naye, akachoka mapema, akarudi. Watu wa pwani wasio na viatu wala blanketi walilala usiku ule katika baridi wasiyopata kuijua tangu kuzaliwa. Asubuhi waliona kwamba kati yao na theluji kuna mabonde mengine yenye kina kirefu, na chakula hakuna. Wakashuka, Stairs akiwa na majani na maua aliyoyachuma. Watu 700 waliotoka Zanzibari, hawakurudi nyumbani hata nusu yao.

Nasi wa misioni tusijitoe katika hesabu ya wapagazi. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, alifika kwenye Maporomoko na kuanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Baadaye alikuwa Askofu, na nchi aliyopewa kuilinda ilianza hapa ikaenda mpaka Semliki, yaani mpaka chini ya theluji. Mwaka 1906 mapadri wake walianzisha misioni ya Beni. Barabara ya gari haikuwako. Altare, vitabu, misumari na chumvi, vyote vilikwenda kichwani, kijiji kwa kijiji, na katika madaftari imeandikwa mizigo ilikuwa mingapi kuliko ilivyoandikwa nani aliibeba. Mwaka 1929 Mapadri Waasunsioni walikuja kuwasaidia, na mwaka 1934 Beni ilitengwa na Stanley Falls. Ndiyo asili ya jimbo la Butembo-Beni la leo. Kwa hiyo mkristo wa Beni na mkristo wa Kisangani walikuwa zamani chini ya askofu mmoja.

Turudi kwenye majina. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alipanda kwa bonde la mto Butahu, upande wetu wa Kongo, akafika kama meta 4,060. Huko aliviona vilele karibu, akavipa majina ya maprofesa wa kwao: Semper, Kraepelin na Moebius. Majina hayo yamebaki, kila moja katika kilele kimoja cha safu hiyo.

Ndipo mwaka 1906, mwaka ule ule wa misioni ya Beni, alikuja Luigi Amedeo wa Savoia, Mtawala wa Abruzzi, mtoto wa ukoo wa wafalme wa Italia. Huyu alikuwa mpanda milima kweli kweli. Alileta viongozi wa milima ya Alpi, wataalamu, na mpiga picha Vittorio Sella, ambaye picha zake hata leo ni za kustaajabisha. Walipanda kwa upande wa Uganda, kwa bonde la Mubuku. Wakonjo, waliozoea baridi na tope la huko, walibeba mizigo mpaka Bujongolo, mahali palipo na mwamba mkubwa uliojitokeza kama paa la nyumba, karibu meta 3,800 juu. Walilala chini ya mwamba huo, wakisubiri, huku wageni wakienda juu na kurudi. Tarehe 18 Juni 1906 Luigi Amedeo alikanyaga kilele kikubwa akakiita Margherita, kwa heshima ya malkia wa Italia. Cha pili yake akakiita Alexandra, malkia wa Uingereza. Malkia hao wawili hawakufika Ruwenzori hata siku moja.

Katika mwezi huo mmoja vilele vyote vikubwa vilipandwa, vikapimwa, vikaandikwa. Safu ikagawanywa katika milima sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, na wa sita akataka uitwe Thomson, lakini chama cha wanajiografia cha London kikashikilia uitwe kwa jina lake mwenyewe, Luigi di Savoia. Wakonjo walikuwa na majina yao. Wageni waliyasikia, wakaandika mawili matatu: Kiyanja kwa mlima wa Baker, Duwoni kwa ule wa Speke. Mtu akifungua ramani leo atayatafuta sana.

Wakati wa Zaire, majina ya kigeni yalipofutwa, Mlima Stanley nao ulipewa jina jipya: Ngaliema. Nia ilikuwa njema. Lakini Ngaliema alikuwa chifu wa upande wa Kinshasa, aliyeshughulika na Stanley huko chini kwenye mto, umbali wa kilometa zaidi ya elfu moja. Kwa Mnande wa Mutwanga jina hilo ni geni karibu sawa na lile la kwanza. Kama walitaka jina la wenyeji, lilikuwako mahali pale pale, nalo halikuhitaji kuletwa na ndege.

Mwaka 1910 serikali za Ulaya zilipatana juu ya mipaka, na mstari ukapitishwa juu ya Margherita. Kilele kikawa nusu ya Wabelgiji, nusu ya Waingereza, na ukoo mmoja wa Wayira ukawa na magavana wawili. Ndugu walioana na kuzikana pande zote mbili wakaanza kuhitaji karatasi. Upande wa Uganda Wakonjo walijiona wananyanyaswa katika ufalme wa Toro, hata mwaka 1962 Isaya Mukirane na wenzake wakaanzisha utawala wao wenyewe huko milimani wakauita Rwenzururu, kwa jina la ile theluji. Vita vyake vilidumu miaka mingi, na mwaka 2009 serikali ya Uganda ilimtambua mtoto wake kuwa mfalme.

Upande wetu, habari kubwa ilikuwa parki. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji, ambaye mwenyewe alipenda kupanda miamba, alizitembelea hifadhi za Marekani mwaka 1919, akatamani nyingine kama hizo katika Kongo. Parki ya Taifa ya Albert ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, ya kwanza katika Afrika yote. Ilianza na milima ya sokwe huko Rutshuru, ikaongezwa mwaka 1929, kisha miaka ya 1934 na 1935 ikafika kaskazini hata kuingiza bonde la Semliki na miteremko ya Ruwenzori. Tangu mwaka 1969 inaitwa Parki ya Virunga. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 7,800, na mwaka 1979 iliandikwa katika urithi wa dunia. Uganda nayo ilifanya upande wake kuwa parki mwaka 1991.

Hapa yatupasa kusema pande mbili. Parki imeokoa vitu ambavyo pengine vingalikwisha. Chini yake, katika msitu wa Semliki, yumo okapi, mnyama wetu wa Ituri na Bafwasende, ambaye ulimwengu wa wataalamu ulimtambua mwaka 1901 tu, kutokana na vipande vya ngozi na mafuvu yaliyopatikana upande huo. Juu zaidi imo misitu isiyokatwa, inayoshika maji ya mito. Lakini parki haikuwekwa juu ya nchi tupu. Watu wa bonde la Semliki waliondolewa katika miaka ya 1930, na serikali ilitoa sababu ya ugonjwa wa malale. Malale ilikuwa kweli, iliua watu wengi. Lakini ugonjwa ulipopungua mashamba hayakurudishwa, na makaburi ya wazee yakabaki ndani ya mpaka ambao mjukuu hana ruhusa ya kuuvuka. Neno hilo bado linasemwa vijijini, na anayetaka kuelewa ugomvi wa leo kati ya wakulima na walinzi asianze na leo.

Walinzi nao ni watu wa nchi hii. Wabelgiji walipoondoka mwaka 1960, wengi walidhani parki itakwisha mwaka huo huo. Walinzi Wakongomani walibaki kazini, miezi mingine bila mshahara, na baadhi yao waliuawa. Tangu parki ianze, zaidi ya walinzi 200 wamekufa wakiwa kazini. Wengi waliacha wajane katika vijiji vile vile vinavyolalamika juu ya mpaka.

Upande wa Kongo safari ya wataalamu Wabelgiji, chini ya Xavier de Grunne, ilipanda mwaka 1932 kwa bonde la Butahu, na njia yao ndiyo iliyokuwa njia ya wapandaji waliofuata. Huanzia Mutwanga na kituo cha parki cha Mutsora. Kwanza ni mashamba ya kahawa na migomba, kisha msitu mkubwa, na nyumba ya kulala ya Kalonge kama meta 2,140. Baadaye mianzi. Halafu mtu huingia katika nchi isiyofanana na kitu chochote cha Tshopo: vichaka ambavyo Ulaya humfika mtu magotini, hapa vimekuwa miti mirefu, nayo imevikwa manyoya ya kijani na kijivu kama ndevu za babu, na chini ni tope na povu la majani ambamo mguu unazama mpaka gotini. Wapandaji hulala Mahangu, meta 3,310, kisha Kiondo, meta 4,200. Huko lobelia husimama kama mishumaa ya Pasaka, nyingine ndefu kuliko mtu. Chini kuna maziwa madogo, moja la kijani, moja jeusi, moja la kijivu, na mbele ukuta wa Mlima Stanley na barafu yake. Safari nzima, kwenda na kurudi, ilichukua siku tano au sita, na wabeba mizigo walikuwa Wanande wa Mutwanga.

Kwa miaka mingi sasa vita vimeifanya njia hiyo kuwa ya hatari. Waasi wa ADF waliingia katika milima hiyo miaka ya 1990, na tangu Oktoba 2014 mauaji ya wakulima katika nchi ya Beni yamekuwa mabaya kupita kiasi. Yameingia Ituri pia, kwenye barabara ile ile itokayo kwetu. Katika Kisangani wako wengi waliokimbia kutoka huko. Ukikaa nao jioni na kuwauliza habari za mlima, wengine watakuambia kwamba asubuhi baada ya mvua ya usiku, mawingu yakifunguka, huonekana mweupe kabisa, kisha hujifunika tena kabla mama hajamaliza kufagia ua.

Weupe huo unapungua. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori yote ilikuwa kama kilometa za mraba 6.5. Mwaka 1987 zilikuwa zimebaki kama 2. Mwaka 2003, wataalamu waliopima tena hawakupata hata 1 kamili. Joto la dunia linapanda, na barafu ya ikweta, iliyo nyembamba, huyeyuka kwanza. Ulimi mmoja wa barafu aliouona Luigi Amedeo umekuwa mwamba mtupu. Mwingine umevunjika vipande viwili. Wataalamu wanaona kwamba barafu iliyobaki haitadumu miaka mingi.

Wengine wanaogopa kwamba mito nayo itakauka. Waliopima maji wanasema hapana: katika mito ya mlima sehemu itokayo kwenye barafu ni ndogo sana, haifiki hata mbili katika mia. Maji mengi ni ya mvua, nayo hushikwa na msitu na yale matope yaliyojaa povu la majani tuliyoyataja, yakatolewa polepole. Msitu ukikatwa, hapo ndipo mito itabadilika. Huko Mutwanga, tangu mwaka 2013, maji yanayoshuka mlimani yanaendesha mashine za umeme, kama yale ya maporomoko ya Tshopo yanavyofanya kwetu, na mashine kubwa zaidi ziliongezwa mwaka 2020. Kwa umeme huo kumejengwa kiwanda cha sabuni ya mawese, na mafundi wa seremala na wasaga unga wa Mutwanga wameanza kufanya kazi hata usiku.